Shibli na Usingizi wa Kuazima

Madereva wa malori wa mji wa Maan walikuwa na jambo moja ambalo hawakumwambia mgeni, walimwacha alijue mwenyewe. Ukifika kwenye maegesho ya barabara ya jangwani ukakuta lori jekundu la Shibli limesimama pale, usizime injini. Endelea mbele, hata kama macho yanafumba. Dereva mmoja wa Tafila hakulijua hilo. Aliegesha kando ya lori la Shibli akajilaza baada ya chakula cha mchana, mara akaruka chini kufungua boneti ya lori lake, akidhani ameacha injini ikiunguruma. Alipogundua kwamba mngurumo ule unatoka kifuani mwa binadamu, alisimama kwenye dirisha la lori jekundu akamtazama Shibli kwa heshima kubwa, kisha akaondoka zake.

Shibli mwenyewe alikuwa mtu mnene mwenye shingo kama gogo na kicheko cha kutikisa sinia la chai. Mwanawe wa kwanza aliitwa Rakan, kwa hiyo mji mzima ulimwita Abu Rakan, yaani baba Rakan. Tangu ujana wake alikuwa akipakia makontena bandarini Akaba, akipanda nayo milima hadi Amman, akirudi na chochote. Mkewe Hasna, mwanamke mdogo wa umbo na mkali wa ulimi, aliwaambia majirani kwamba yeye hakuolewa na mume, aliolewa na mashine ya kusaga, tena ile ya zamani.

"Lakini unga siuoni," alimalizia.

Shibli aliupenda mkoromo wake. Aliutania mwenyewe kabla watu hawajautania. Kitu kimoja tu hakukitania, wala hakukisimulia. Mwaka uliopita, mchana kweupe, kwenye tambarare kabla ya mteremko wa Ras Naqab, alikuwa akiendesha na kumbukumbu ya mwisho aliyokuwa nayo ni kikombe cha kahawa chungu. Kilichofuata ni kwamba lori lilikuwa limesimama mchangani, mbali na lami, na ngamia wawili walikuwa wakimtazama kupitia kioo cha mbele. Nyumbani alisema tairi lilipasuka. Ngamia hawakuulizwa.

Basi kampuni ya malori aliyoifanyia kazi ikatangaza kwamba madereva wote watapimwa usingizi. Wakaletewa uani kwa kampuni nyumba ndogo ya bati yenye magurudumu, na ndani yake akawekwa muuguzi kutoka Karak, jina lake Tahani, msichana mrefu mwenye miwani na uso usiocheka hata anapotania. Habari zikaenea haraka kuliko harufu ya dizeli. Khlaif, dereva mwenzao aliyekuwa na jibu la kila swali na ukweli wa machache, akawahakikishia wenzake wakati wa chai.

"Mwenye shingo nene anaondolewa barabarani. Shemeji yangu aliniambia. Wanakupima shingo kama wanavyopima kondoo wa sikukuu."

"Na wakikuta imezidi?" Shibli aliuliza.

"Wanachukua leseni."

"Na shingo wanaiacha?"

Wenzake wakacheka, lakini Shibli safari hii hakucheka nao.

Siku yake ilipofika, Tahani alimzungushia shingoni utepe wenye alama nyekundu. Shibli akavuta pumzi ndani, akanyoosha kidevu juu, akajitahidi kuwa na shingo ya twiga. Utepe ukaipita alama nyekundu ukaendelea na safari.

"Pumua, Abu Rakan. Hata ukijinyonga haipungui," Tahani alisema. "Unakoroma?"

"Mimi? Sijawahi kujisikia hata siku moja."

Nje ya dirisha, madereva waliokuwa wakingoja zamu wakaanza kukohoa kwa pamoja.

"Unalalaje, basi?"

"Kama mtoto mchanga, binti yangu."

"Mtoto wa ngamia!" Khlaif alidakia kutoka nje.

Tahani akampa kasha dogo, na ndani yake mkanda wa kufunga kifuani, mrija mwembamba wa kuweka puani, na kibano cha kidole. Akamweleza polepole. Alale navyo nyumbani usiku mmoja tu, kisha avirudishe. Kifaa kitahesabu kila mara pumzi zinapokatika usingizini. Kuna watu, alisema, ambao koo linaziba wakiwa wamelala, wanakosa hewa, mwili unashtuka, wanapumua tena, wanaziba tena, usiku kucha bila wao kujua. Wakiamka wamechoka kuliko walivyolala. Watu hao wakishika usukani, usingizi unawachukua bila kubisha hodi.

"Kuna tiba," aliongeza. "Lakini sharti kwanza tujue."

Shibli neno tiba hakulisikia. Alisikia leseni. Akatoka na kasha lile kwapani kama mtu aliyebeba nyoka, na kabla hajafika langoni alikwisha kupata wazo.

Wazo lenyewe liliitwa Oqla, ndugu wa Hasna. Oqla alikuwa mwembamba kama fimbo ya kuchungia, hakuvuta sigara, alikula kama ndege, na hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Mkewe alifariki miaka kadhaa nyuma na watoto wake wote wakahamia Amman, kwa hiyo aliishi peke yake katika nyumba yake yenye ua wa mizabibu. Kwenye mikutano ya ukoo alikuwa akikaa pembeni, kichwa kimeinama, kikombe cha kahawa mkononi, macho yamefumba. Wazee walimtolea mfano: tazameni utulivu wa Oqla, tazameni anavyotafakari. Kama kuna mtu aliyelala vizuri katika mji ule, Shibli aliwaza, ni huyo.

Akamkuta akimwagilia mizabibu.

"Shemeji, nataka unilalie."

Oqla akaacha mpira wa maji ukimwagika miguuni. "Nini?"

"Usinitazame hivyo! Unilalie kwa niaba yangu. Usiku mmoja tu." Akamfungulia kasha, akamweleza kila kitu, akiapa kwamba ni jambo dogo. "Wewe unalala, mashine inasema Shibli ni malaika, mimi nabaki na lori langu. Nani amedhurika?"

"Huo ni udanganyifu, Abu Rakan."

"Kulala ni udanganyifu? Kitu ambacho ungekifanya hata bila mimi?"

Oqla akafikiri, au akasinzia, haikujulikana. Hatimaye akafungua jicho moja. "Hasna atapika mansafu?"

"Ya kondoo mzima ukitaka."

"Mguu unatosha. Lakini mtindi usiwe wa dukani."

Ijumaa ile Hasna akapika sinia la wali na nyama ya kondoo iliyoogelea katika mchuzi wa mtindi mkavu aliouloweka mwenyewe, akashangaa mumewe anavyomsukumia Oqla vipande vilivyonona.

"Leo kuna sikukuu gani ambayo mimi sikuambiwa?" aliuliza.

"Mtu hawezi kumpenda shemeji yake?"

"Anaweza. Lakini wewe hujawahi."

Oqla akaondoka na kasha ndani ya mfuko wa mikate, akalala nalo, akalirudisha asubuhi bila neno. Shibli akalipeleka kwa Tahani akipiga mluzi.

Siku mbili baadaye akaitwa. Aliingia kwenye ile nyumba ya bati na uso wa mtu anayekwenda kupokea zawadi. Tahani alikuwa ameweka ule mkanda wa kifuani mezani.

"Abu Rakan, nina furaha kukuona. Umekonda sana."

"Mimi?"

"Mkanda huu umerudi umekazwa mpaka mwisho. Hebu uvae nione."

Shibli akauzungusha kifuani. Ncha moja ikaishia chini ya kwapa la kushoto, nyingine chini ya kwapa la kulia, na kati yake kukabaki uwanja wa kuegesha tela.

"Nimenenepa," alisema.

"Tangu juzi?"

"Mke wangu anapika vizuri sana."

Tahani akavua miwani akaifuta. Hakupandisha sauti. "Sasa nisikilize. Sijali uliniletea kifua cha nani. Hilo utamweleza meneja. Lakini huyo aliyevaa hiki kifaa, pumzi zake zinakatika zaidi ya mara arobaini kila saa. Kila saa, Abu Rakan. Moyo wake unakwenda mbio usiku kucha kama anafukuzwa. Katika wote niliowapima hapa, sijaona mbaya kama huyu. Lazima anasinzia mchana. Akikaa tu, anasinzia. Sivyo?"

Shibli alikuwa ameanza kutabasamu, maana jambo lenyewe lilikuwa na kichekesho: amekwenda kuazima usingizi mzima, akapewa uliooza. Halafu akamwona Oqla kwenye mikutano ya ukoo, kichwa kimeinama, kikombe kikimponyoka vidoleni. Ile tafakuri yote.

"Lakini ni mwembamba," alisema. "Mwembamba kama hiki kidole."

"Si unene peke yake. Wengine ni taya dogo, wengine koo lilivyoumbwa. Hana mke wa kumwambia?"

"Amefiwa. Analala peke yake."

"Ndiyo maana hajui. Anafanya kazi gani?"

Shibli akaurudisha mkanda mezani. Oqla alikuwa na kazi, na kazi yenyewe ilikuwa nzuri kwa mgane mpole apendaye watoto.

"Anaendesha basi la shule," alisema.

Na kila siku ndani yake alipanda Sidra, binti wa Rakan, mjukuu ambaye Shibli alimbebea pipi kutoka Akaba mfukoni mwa shati hata zikayeyuka.

Tahani alikwisha kusimama. "Watoto wanatoka saa ngapi?"

Lakini Shibli hakuwepo tena chumbani.

Alipiga simu, Oqla hakupokea. Gari la kuazima hakuliona, na shule ilikuwa upande wa pili wa soko, ambako lori halipenyi. Basi Shibli akakimbia. Watu wa Maan walikuwa hawajawahi kumwona Shibli akikimbia. Wengi hawakudhani kwamba jambo hilo linawezekana. Alipita kwenye maduka ya nguo, kilemba kimemwangukia begani, tumbo likitangulia na yeye akilifuata. Muuza mboga akadondosha biringani.

"Abu Rakan! Nani amekufa?"

"Bado!" Shibli alijibu, akaendelea.

Alifika getini watoto wakiwa wameanza kupanda. Basi dogo la njano lilikuwa linaunguruma, na Oqla alikuwa kitini, paji la uso limelala juu ya usukani kwa utulivu ule ule uliosifiwa na wazee. Shibli akapenyeza mkono dirishani, akazima, akachomoa ufunguo.

Oqla akashtuka. "Wewe! Una wazimu? Rudisha ufunguo."

"Shuka, shemeji."

"Mashine imesemaje? Umepita?"

"Nimefeli kwa kifua chako. Wewe ndiye mgonjwa. Pumzi zinakukatika ukilala, mara arobaini na zaidi kwa saa."

"Mimi?" Oqla alimtazama kana kwamba ametukanwa mbele ya kadhi. "Mimi nisiyekoroma?"

"Nani amekuambia hukoromi? Unalala na nani akuambie?"

Maneno yalikwisha kutoka kabla Shibli hajayatafakari. Mkono wa Oqla ukashika mlango wa basi, ukauachia, ukaushika tena.

"Asubuhi kichwa kinaniuma," Oqla alisema polepole. "Kila siku. Nilidhani ni huzuni."

"Huenda ni vyote viwili," Shibli alisema, na kwa mara ya kwanza katika maisha yao alimshika mkono shemeji yake akamsaidia kushuka. "Samahani, ndugu yangu. Nimesema vibaya."

Oqla akajipangusa uso kwa ncha ya kilemba. Kisha akili yake, ambayo ilikuwa kali ilipokuwa macho, ikarudi kazini.

"Haya. Watoto lazima wafike kwao. Endesha wewe."

Shibli akashika mlango. Akaweka mguu mmoja ndani. Akasimama hivyo, nusu ndani na nusu nje, na mbele ya macho yake wakaja wale ngamia wawili.

"Siwezi," alisema.

"Kwa nini huwezi? Basi hili si kubwa kuliko lori."

"Kwa sababu kipimo changu umekilala wewe. Mimi mwenyewe sijapimwa. Na lile tairi la mwaka jana, shemeji, halikupasuka. Nililala."

Halafu kitu ambacho Shibli hakukitarajia kikatokea: mtu yule mpole akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini kwenye ukingo wa barabara.

"Ukaja kwangu!" alisema akishika mbavu. "Katika Maan nzima, kipofu akaja kuomba kuongozwa na kipofu, akamlipa mansafu!"

Sidra akatoa kichwa dirishani. Alikuwa na meno mawili ya mbele yaliyong'oka na hakuona aibu yoyote. "Babu, sasa nani anaendesha?"

"Leo miguu ndiyo inaendesha, mpenzi wangu. Shukeni wote. Mshikane mikono."

Hivyo ndivyo mji ulivyoona maandamano yale: Shibli mbele akifungua njia kwa kifua, Oqla nyuma akihakikisha hakuna anayebaki, na katikati mstari wa watoto wakiimba, wakigombania nafasi ya kumshika Shibli kidole, wakisimama dukani kununuliwa maji ya machungwa. Mtaa wa kwanza, wa pili, wa tatu, kila mtoto mpaka mlangoni kwao. Kikongwe mmoja aliyekuwa akianika nguo kwenye baraza la juu aliinama kuwatazama.

"Oqla, mwanangu! Basi limeharibika?"

"Basi ni zima, mama. Madereva ndio wabovu."

Hasna alizisikia habari kabla mumewe hajafika nyumbani. Alimngoja mlangoni, mikono kiunoni.

"Mansafu yangu," alisema. "Mansafu yangu niliyosimamia tangu alfajiri, wewe ukahongea usingizi."

"Umm Rakan, nisikilize..."

"Wa ndugu yangu!"

Akaacha ukuta umsikilize kwa muda. Baadaye, Shibli alipomweleza juu ya Ras Naqab na ngamia, hakumgombeza. Aliketi kitako, akaweka kiganja juu ya goti la mumewe, na wote wawili wakakaa hivyo mpaka chai ikapoa. Kisha akainuka, akamwambia kesho yake atampeleka kwa muuguzi kwa mkono wake, kama mtoto anayekwenda kutahiriwa, na akamwonya asijaribu kukimbia kwa kuwa mji wote umekwisha kuona mbio zake.

Meneja wa kampuni hakucheka. Alimwondoa Shibli barabarani mpaka apimwe na atibiwe, na wakati huo wote akamweka uani chini ya Tahani, kazi yake kuwafunga madereva wenzake mikanda ya kifuani na kuhakikisha kwamba kila kifua ni cha mwenyewe. Hakuna aliyefaa kazi hiyo kuliko yeye. Khlaif alipoleta kasha lake limefungwa vizuri mno, Shibli aliunusa mkanda.

"Huu una marashi ya mawaridi," alisema. "Mama yako hajambo?"

Khlaif akalichukua kasha lake akarudi nalo nyumbani, masikio yamemwiva.

Majibu ya Shibli mwenyewe yalipotoka, yalikuwa mabaya, lakini si mabaya kama ya Oqla. Pumzi zake zilikatika thelathini na kitu kwa saa. Alimfanya Tahani ayasome mara mbili.

"Hebu hesabu tena, binti yangu."

"Nimehesabu."

"Mimi ninayetikisa madirisha, nishindwe na kile kijiti?"

"Haya si mashindano, Abu Rakan."

"Kila kitu ni mashindano," alisema Shibli, na jioni ile hakumpigia Oqla simu.

Wote wawili walipewa mashine za kulalia: kijisanduku cha kusukuma hewa, bomba, na kifuniko cha puani chenye kamba za kichwani. Siku za mwanzo zilikuwa vita. Shibli alikivua kifuniko usingizini akakitupa, na mara moja alikigombeza akidhani ni mkaguzi wa mizani. Lakini wiki hazikupita nyingi akaamka asubuhi moja akakaa kitandani, akatazama mikono yake, akatazama dirisha, akajiuliza ni nani aliyesafisha dunia. Hakuwa amejua kwamba watu wengine huamka hivi. Alikuwa akidhani uchovu ni umri.

Aliyeteseka sasa ni Hasna. Baada ya miaka yote ile ya mashine ya kusaga, kimya kilimtisha. Alikuwa akimwamsha mumewe kumwuliza kama yu hai.

"Niko hai, mwanamke! Nimelala!"

"Basi kaa kimya," alisema Hasna, bila kuona lolote la ajabu katika maneno hayo.

Oqla hakuweza kujifunga zile kamba peke yake, au alisema hivyo. Hasna aliamua kwamba ndugu yake atalala kwao mpaka azoee, na hakuna aliyemwuliza tena amezoea au la. Basi la shule lilipata dereva mwingine kwa muda, kisha Tahani akaangalia takwimu za mashine yake, akampa ruhusa, na watoto wakampokea kwa malalamiko kwamba sasa hawatembei tena wala hawanunuliwi maji ya machungwa. Wazee kwenye mikutano ya ukoo walipata msiba wao: Oqla alikuwa macho muda wote, na ikadhihirika kwamba ana maoni juu ya kila jambo, tena mengi hayakuwapendeza. Mmoja alimwuliza Shibli kwa faragha kama mashine ile inaweza kurudishwa.

Shibli alirudi kwenye lori lake jekundu, na kijisanduku chake akakifunga nyuma ya kiti kwa mkanda wa makontena. Ijumaa moja kabla ya safari ya Akaba, baada ya chakula, yeye na Oqla walijinyoosha kwenye magodoro ya sebuleni, bega kwa bega, bomba hili huku na bomba lile kule, kama magari mawili yanayojaza mafuta kwenye kituo kimoja. Chumba kilikuwa kimya kiasi kwamba nzi alisikika. Hasna akaja na birika, akasimama, akawatazama. Akaweka birika chini taratibu, akatoa simu, akawapiga picha kutoka upande wa miguu, ambako soksi ya Shibli ilikuwa na tundu, akaituma kwa wanawake wote wa ukoo kuanzia Maan mpaka Amman. Kisha akaketi kati ya vichwa vyao, akajimiminia chai, akaanza kusoma majibu yao, akiziba kicheko kwa ncha ya shela asije akawaamsha.